Uso wa Baba Yako Unapanda Basi

Buffalo, Agosti 2016

Kaneza wangu,

Nimekaa jikoni. Jua la Agosti bado halijakubali kushuka, na wewe uko barazani chini unaagana na rafiki zako kwa kile Kiingereza chenu cha haraka. Kicheko chako kinapanda ngazi peke yake. Sanduku lako liko mlangoni, na kando yake iko mizigo miwili bapa niliyoifunga asubuhi kwa blanketi na kamba. Nimekwenda kuigusa mara nyingi, ingawa najua fundo halijalegea.

Barua hii haina habari za koti, wala za chakula, wala za saa ya kupiga simu. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nataka kukuandikia habari ya picha. Nikiisema kwa mdomo nitalia, na wewe ukiniona nalia utakwenda kunichemshia chai, na habari itakatikia hapo. Karatasi haichemshi chai.

Baba yako alipenda kupiga picha kuliko mtu yeyote niliyemjua. Simu yake ya kwanza hapa Buffalo ilikuwa na ufa kwenye kioo, lakini aliishika kwa mikono miwili kama padri anavyoshika kikombe. Kila Jumapili baada ya ibada alitupanga mbele ya ile nyumba ya matofali mekundu tuliyoanzia maisha hapa Lower West Side.

"Kaneza, toa kidole puani. Mama Kaneza, cheka, acha kumtazama mtu kama anakudai."

Tulicheka, naye akapiga. Hakuna aliyewahi kumwambia: lete simu, nawe ukasimame pale. Kwa hiyo picha zote zilikuwa zetu sisi. Yeye yumo kwa kivuli tu, kirefu juu ya theluji, kimeinua viwiko viwili. Katika picha nyingine kidole chake gumba kimeingia kwenye kona, chekundu na kikubwa kama nyanya.

Alipofariki, majira ya baridi yale ukiwa darasa la sita, tulitafuta uso wake tukapata viwiko na vidole.

Picha moja ya uso ilikuwepo, ile ya kitambulisho, aliyopigwa wiki ya kwanza tulipoingia nchi hii. Siku hiyo jino la nyuma lilikuwa limemvimbisha shavu. Jicho moja lilikuwa karibu kufumba. Akaambiwa asitabasamu, na hata angetaka asingeweza. Baba yako mdogo Fabiano, aliyesafiri kwa basi kutoka Louisville bila kulala, aliichukua picha ile akaipeleka dukani ikakuzwa, akaiweka juu ya jeneza. Alifanya alichoweza. Halafu shangazi yako Goreti akaingia kutoka Columbus, akasimama mbele ya jeneza, akatazama. Alivua kitenge chake begani akaifunika ile picha.

"Huyu si kaka yangu," akasema.

Ulikuwa umenishika mkono, na nilihisi vidole vyako vinakaza.

Labda hujui kwa nini neno lile lilikata kiasi kile. Kwetu Burundi ndugu hawagawani jina. Baba yako ni Yohana Ndayizeye, shangazi yako ni Nizigiyimana, Fabiano ni Bigirimana. Kila mtoto hupewa jina lake kutokana na yale wazazi waliyokuwa nayo moyoni siku hiyo. Hapa Marekani kila ofisi ilituuliza: hawa ni ndugu wa namna gani, majina matatu? Sisi tulikuwa tunajibu, tutazameni nyuso. Uso ndio jina letu la ukoo. Sasa mtu akisimama mbele ya kanisa zima akasema uso huu si wa ndugu yangu, amesema neno kubwa kuliko yeye mwenyewe. Goreti alikuwa analia juu ya shavu lililovimba. Fabiano aliona dada yake amewavua ukaka wote wawili, yeye na marehemu.

Walitoka kwa milango tofauti. Tangu siku hiyo hawakuzungumza. Na kwa kuwa hawakuzungumza, hatukuganduka. Unajua kuganduka ni siku ya kumaliza msiba, ndugu wakikaa mahali pamoja, wakanywa pamoja, wakamwachia marehemu aende. Bila ndugu haifanyiki. Basi msiba ukakaa nyumbani kwetu mwaka baada ya mwaka, kama mgeni anayeona kila mtu anapiga miayo na yeye hainuki.

Mimi nilikosea hapo. Nilidhani mambo ya ndugu hupoa yenyewe kama uji. Ile picha niliisukuma chini kabisa ya droo, chini ya vitambaa vya meza, nikaacha kuutaja uso wa baba yako ndani ya nyumba hii. Nilifikiri nakukinga. Kisha asubuhi moja ulikuwa unachana nywele, ukaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ileile unayoulizia hali ya hewa, kama Baba alikuwa na ndevu.

"Kidogo," nikajibu.

Niliingia bafuni nikafungua bomba. Mwanangu, nilijua hata upande wa kidevu ambao mvi zilitangulia kuota. Na nilikuwa nimekupa neno moja. Nilijifunza siku ile kwamba ukinyamaza juu ya mtu unayempenda, unachozuia si kilio. Unamnyima mtoto wake baba.

Ndiyo maana uliposema una kazi ya shule katika lile jumba kubwa la picha, nilisema nitakuja nawe. Sikujua ninafuata nini. Zilikuwa zimeletwa kwa msimu mmoja, kutoka mbali, picha zilizochorwa za watu wa koo za kifalme za Ulaya, karne ya kumi na nane. Nilitegemea kuchoka miguu. Nywele zilizopakwa unga, magauni yanayohitaji mlango wa kanisa ili yapite, mbwa wadogo kwenye mapaja. Mama mmoja mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni, alikuwa anawaeleza wageni, na wewe ukinitafsiria sikioni.

"Huyu wa bluu ni shangazi wa yule mwenye mbwa. Na pia ni mama mkwe wake."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Ameolewa na mtoto wa shangazi yake. Na yule mzee ukutani ni mjomba wao, mke wake ni binti wa dada yake."

"Kwetu wazee wangewafukuza kilima kizima."

Ulicheka mpaka mlinzi akageuka. Lakini nilianza kutazama vizuri. Chumba kile kilikuwa na wanawake watatu wa jina moja. Yule mama akasema koo zile ziliazimana majina machache, kama watu wanavyoazimana suti ya harusi, kwa hiyo jina pekee halikutosha kumjua mtu. Walijuana kwa uso. Mdomo wa chini, mnene kidogo, niliuona kwa bibi, nikaukuta kwa mjukuu ukuta wa pili, nikaukuta tena kwa mtoto mchanga mwenye kofia ya lasi. Ulikuwa unahama fremu hadi fremu kama kaa la moto linaloombwa jirani kwa jirani. Wao jina moja watu wengi, sisi majina mengi mama mmoja, na wote tulikuwa tunategemea pua na mdomo. Niliona aibu kidogo kwamba nilikuwa nimeingia mle nikiwacheka.

Akaeleza jinsi picha zilivyosafiri. Binti aliyetakiwa uchumba nchi ya mbali alichorwa, uso wake ukatangulia kwa gari la farasi. Akiolewa, dada zake walitaka wabaki na nakala, na mama naye yake, na shangazi yake. Mtu mmoja alitundikwa katika majumba manne. Akatuonyesha binti mmoja mwenye mashavu laini kama yai, akasema kweli ni kwamba alikuwa na makovu ya ndui, mchoraji akayafuta. Wageni walicheka. Mimi nilimwonea huruma. Fikiria kufika kwa mume, naye anamngoja yule wa kwenye picha.

Kisha tukafika kwenye picha ya mwisho, familia nzima, baba katikati ameweka mkono begani kwa mtoto. Yule mama akashusha sauti. Baba huyo, akasema, alikuwa ameshakufa mchoraji alipoitwa, na hakuacha picha ya maana. Mchoraji akawakalisha kaka yake na dada yake, akachukua paji la uso kwa mmoja, mdomo kwa mwingine.

"Akamkusanya kutoka kwa ndugu zake," ukanitafsiria. Halafu ukaacha kutafsiri. Yule mama aliendelea kusema, watu wakaondoka, na wewe ulikuwa umesimama palepale na penseli mkononi kama mtu aliyesikia ameitwa.

Ndani ya basi la kurudi uliniuliza swali, na uliliuliza kwa Kiswahili.

"Mama, shangazi ana nini cha Baba?"

"Paji la uso," nikasema. "Analo lote."

Unaikumbuka safari ile ya kwenda kumkusanya baba yako kwa ndugu zake kwa mistari uliyochora. Mimi naikumbuka kwa maneno. Hilliard kwanza, pale kando ya Columbus, jikoni kwa shangazi yako, amerudi kuwatunza wazee wa watu na bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazi. Alisikiliza mpango wetu, akainuka, akaenda chumbani. Tulidhani amekasirika. Akarudi amevaa imvutano yake ya harusi, lile vazi letu la sherehe, ya kijani, shingo ameinyoosha.

"Haya. Nikae kama hao malkia wenu?"

"Kaa kama kawaida, shangazi."

"Kawaida sikai. Uliza watu."

Kweli hakukaa. Alichorwa akichambua maharage, akikoroga chungu, akinigombeza mimi wifi yake kwa kukonda. Ulipomwuliza baba yako alikuwaje, aliweka mwiko chini. Akasema alikuwa mzuri, ila lile kovu la kwenye nyusi ulifute, alilipata kwa ujinga. Nikamwambia ujinga ule ni siku uliyozaliwa wewe. Alikuwa ananipeleka kliniki ya kambi ya wakimbizi kwa baiskeli, kule Kasulu, anageuka nyuma kunichekesha nisisikie uchungu, akaingia mtaroni. Mimi sikuumia. Yeye alinifikisha damu ikimchuruzika jichoni, na wauguzi wakataka kumlaza yeye kwanza. Goreti hakuwahi kuisikia habari hiyo. Miaka yote hiyo alidhani kaka yake alipigana. Kovu likabaki. Uliponiuliza baadaye nani aliamua lisifutwe, nilimfikiria yule binti wa mashavu ya yai.

Tulipokuwa tunaondoka alitusindikiza mpaka kwenye gari. "Mkimaliza nitakuja kuona," akasema. "Nitakuja na kitenge kilekile. Nikiona siye, nafunika tena, mbele ya watu walewale."

Uliinamisha kichwa njia nzima hadi Louisville. Goreti hakuwa anatania.

Fabiano alifungua mlango asubuhi, ametoka ghalani kupakia vifurushi vya ndege, bado ana kile kizibao cha njano kinachong'aa. Alisema sawa, chora, akakaa kwenye kochi, akasinzia kabla hujachonga penseli. Ukamchora hivyohivyo, mdomo umeachia kidogo. Nilikaa pembeni na kikombe changu, na ghafla ikabidi nikiweke chini. Yule alikuwa Yohana wangu, saa za alfajiri, kabla ya shifti.

Alipoamka aliona mchoro wa Hilliard mezani. Akauchukua.

"Huyu ni mama," akasema.

"Ni shangazi Goreti," ukamwambia.

Akausogeza kwenye mwanga. Mama yao alibaki nyuma, katika udongo wa Burundi, na Fabiano hakuwa na picha yake pia.

"Amenenepa," akasema. Halafu, bila kuinua macho: "Anakula vizuri?"

"Vizuri, shemeji."

"Na mimi mdomo wangu ndio wa Yohana?"

"Ukilala ndio wake. Ukiamka unaanza kubisha, unakuwa wako."

Alicheka huku ameushika uso wa dada yake kwa mikono miwili. Aliuomba ule mchoro, ukampa. Nilikuwa nimejifunza kunyamaza kwa wakati wake.

Tuliporudi nyumbani, macho ndiyo yalitushinda. Goreti hana, Fabiano hana. Ulijaribu kwa maelezo yangu, ukafuta, ukajaribu, ukafuta, na turubai ya kuchorea ikawa inatutazama kwa macho ya mtu wa benki. Ulisema huwezi. Ulisema utampigia shangazi asije. Ulisimama mbele ya sinki na brashi zako, umenuna, ukanitupia jicho la pembeni kwa sababu nilikuwa naimba. Hilo jicho. Miaka yote lilikuwa linakula wali mezani kwangu, nami nalitafuta kwenye droo.

"Usisogee," nikakwambia. "Kaa hivyohivyo. Naleta kioo."

Basi ile siku ya kuganduka, ukumbi wa kanisa umejaa, maharage na ndizi na wali mezani, picha imesimama mbele chini ya shuka. Fabiano yuko safu ya kushoto. Goreti akaingia, na kitenge kiko begani. Kilekile, cha maua ya zambarau. Watu walikiona, na maongezi yakafa meza moja baada ya nyingine. Ulivuta shuka wewe mwenyewe, nami nilishika kiti kilichokuwa mbele yangu.

Wale mabwana wa Ulaya walishika panga na fimbo. Wewe ulimpa baba yako simu yenye ufa. Ameishusha kifuani, kama mtu aliyemaliza kupiga, na sasa anatutazama sisi kwa lile jicho la pembeni, kovu kwenye nyusi, mdomo unaelekea kusema kitu.

Goreti alitembea mpaka mbele. Akakivua kitenge begani. Akasimama amekishika.

"Jino limepona?" akamwuliza kaka yake pale kwenye picha.

Aliyeanza kucheka ni Fabiano. Alicheka huku machozi yanamwingia mdomoni, akaja mbele, na dada yake akamfuta uso kwa pembe ya kile kitenge kwa nguvu, kama unavyomfuta mtoto kamasi. "Na wewe umekonda," akamwambia. "Louisville hawapiki?" Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Kisha akakifungua kitenge chote akakufunga wewe begani. Nimekikunja, kiko juu ya nguo zako sandukuni, utakiona ukifungua.

Ile ndiyo picha uliyowatumia watu wa chuo huko Louisville, wakaandika kwamba njoo, na ada yako tumeiondoa. Wengine hapa wanasema una bahati. Mimi nilikuwa jikoni, niliona ulichofanya na macho yale mpaka ukalala umeegemea meza. Wala usidhani nakwambia haya ili uchore watu wazuri. Chora unachokiona. Ila ukikwama kwa uso wowote, maishani au kwenye turubai, usimkate mtu huyo. Nenda kwa ndugu zake. Mtu mmoja hatoshi kujionyesha mwenyewe, hata mimi mama yako kuna kipande changu kimebaki kwa dada yangu ambaye sijui yuko wapi, na siku moja nataka ukitafute.

Mabwana wale walitengeneza nakala kwa jamaa wa mbali, nawe ukafanya hivyo. Ile ya kwanza imebaki hapa ukutani, juu ya kochi. Kesho basi lako litapita Columbus, na Goreti atakuwa stendi anakungoja, amesema ameshapigilia msumari. Utampa mzigo bapa wa juu. Ule wa chini utafika nao kwa baba yako mdogo. Baba yako alivuka nchi mbili kwa miguu, akaingia ya tatu kwa ndege, na kila mara aliingia kwa mlango wa nyuma, jina limeandikwa vibaya. Kesho anaingia Louisville uso wake umetangulia, kama watu wale wa majumba, na binti yake ndiye aliyembeba.

Nimeweka na picha moja ndogo ndani ya bahasha hii. Siku ile ukumbini watu wote walijipanga kuzunguka turubai, Goreti kulia, Fabiano kushoto, wewe katikati na kitenge chako. Tulikaa hivyo kwa muda, tunangoja. Kisha tukaelewa tunamngoja nani. Fundi wetu wa picha alikuwa amesimama upande wa pili, mbele, pamoja na watu wake.

Nikatoka kwenye mstari, nikachukua simu, nikapiga mimi. Wote mmetoka vizuri. Kwenye kona ya chini utaona kidole changu gumba kimeingia.

Usikikate.

Mama yako